Nilisema Goti la Zadock Limekwisha

Mwalimu Lornah,

Mimi si mtu wa kuandikia magazeti, huwa nasoma ukurasa wako nikicheka shida za wengine, kwa hivyo ukiniona hapa ujue nimebanwa kabisa, na nakuomba unisome hadi mwisho hata ukinikasirikia njiani, kwa sababu mimi mwenyewe nimekasirikia kila mtu na sijui tena nianze na nani.

Nina miaka thelathini na sita, nakaa Uthiru na mama yangu na watoto wangu wawili, na nafanya kazi ya mapokezi katika kliniki moja ya kupiga picha za mifupa huko Kilimani. Tangu nikiwa darasa la pili mimi ni shabiki wa Bohari, marehemu baba ndiye alinipeleka uwanjani mara ya kwanza, na Bohari si timu ya tajiri mmoja, ni timu ya wanachama, tuna matawi matano hapa jijini na tawi letu la River Road ndilo lenye kelele kuliko yote, watu hamsini na kitu, wachapishaji wa kadi, wauza mabomba, makarani, mafundi wa simu, na tunakutana kila Ijumaa saa ya lanchi katika hoteli moja ya ghorofani juu ya duka la rangi. Mimi ndiye katibu, mwaka wa nne sasa, mwanamke wa kwanza kushika cheo hicho katika tawi letu, na kulingana na katiba yetu ofisi haisajili mchezaji mkubwa kabla ya kuyauliza matawi, tunajadili, tunapiga kura, katibu anaandika barua, na ofisi inaisoma kwa sababu viongozi wake tunawachagua sisi na wanatuogopa.

Sasa dirisha la usajili lilipofunguliwa kukawa na habari kwamba tunamtaka Zadock, kiungo wa timu moja ya kule Kakamega, yule wa pasi ndefu anayecheza kichwa juu kila wakati, na tawi likagawanyika katikati, wengine wanasema bila yeye tusahau kombe, wengine wanasema ana miaka thelathini na moja na tunaletewa mtu aje kustaafia kwetu. Mimi sikuwa na neno na Zadock hata kidogo, naomba uelewe hapo, neno langu lilikuwa kwamba hatuhitaji kiungo. Nilikuwa nimetazama mechi zetu zote za msimu na kuandika kwenye daftari kila bao tulilofungwa, mabao ishirini na matatu, na kumi na manne kati yake yalipitia kwa beki wetu wa kulia, kwa hivyo Ijumaa ile nikasimama na daftari langu niwasomee.

Sikumaliza hata ukurasa wa kwanza. Musili, mweka hazina wetu, anayeuza mabomba na misumari hapo chini barabarani, alinikata kauli na chapati ikiwa bado mdomoni, akasema, "Kanini, wewe tuandikie minutes. Mambo ya viungo achia sisi wenye tulicheza." Hoteli nzima ikaangua kicheko, na huyo Musili, Mwalimu, hajawahi kucheza mpira popote isipokuwa kwenye simu yake, akipanda zile ngazi za hoteli anapumzika mara mbili, lakini eti yeye ndiye anajua viungo na mimi najua kalamu tu. Mwenyekiti wetu Mzee Nzuki, ambaye tunasali naye kanisa moja huku Uthiru na amenijua tangu nikiwa mtoto, nilimwangalia nikidhani atanitetea, naye alikuwa anacheka mpaka anapangusa macho. Nikakaa. Na unajua kilichoniuma zaidi ni nini, bado nilikuwa nimeshika kalamu, na kazi ya katibu ni kuandika yaliyosemwa, kwa hivyo nikaandika kwa mkono wangu mwenyewe kwamba mweka hazina alimshauri katibu aendelee kuandika na kikao kikafurahi, nikijua kwamba Ijumaa ifuatayo ni mimi tena nitakayesimama kuyasoma hayo mbele yao ili yathibitishwe.

Jumanne iliyofuata, saa tatu na nusu asubuhi, nainua macho pale mapokezini namwona Zadock mwenyewe amesimama mbele yangu, kofia ameishusha hadi kwenye nyusi, na mke wake Veronicah kando yake ameshika bahasha. Alinisalimia kwa adabu, akanipa kitambulisho na fomu ya daktari aliyemtuma, na kwenye fomu imeandikwa goti la kulia, picha kamili kwa mashine kubwa, na chini yake, kabla ya kusajiliwa. Akainama kidogo juu ya meza yangu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, haya mambo yanabaki hapa, sivyo?" nami nikamwambia asiwe na wasiwasi, nikampa ile karatasi ya siri ya mgonjwa akatia sahihi, halafu nikamwona anapanda ngazi polepole ameshikilia reli. Picha yenyewe sikuiona, kupiga picha ni kazi ya Bramwel, fundi wetu wa mashine, na kuisoma ni kazi ya daktari, lakini mtu mwenye macho anahitaji picha ya nini, mchezaji mwenye goti zima aingizwe kwenye mashine kubwa vile akafanyiwe nini?

Nilinyamaza, Mwalimu, na hilo pia nataka lihesabiwe, siku mbili nzima nilinyamaza na sikumwambia hata mama.

Alhamisi kura ikawekwa kwenye kundi letu la WhatsApp, tunamtaka Zadock au hatumtaki, mwisho saa saba mchana, na mimi niko kazini, mstari wa wagonjwa umefika mlangoni, naona simu inawaka, ni Musili ameandika kwamba katibu apige kura tu kama watu wengine na asituletee daftari, na chini yake vile vikaragosi vya kucheka machozi vikaanza kushuka, kimoja, viwili, kumi, na cha Mzee Nzuki kikiwemo. Damu ilinipanda. Nilimwambia mgonjwa aliyekuwa mbele yangu angoje kidogo, na nikaandika hivi, nakunukulia vile ilivyo: "Huyo kiungo wenu goti la kulia limekwisha. Alikuja kwetu Jumanne kupigwa picha, nimemwona na macho yangu akipanda ngazi ameshikilia reli. Msajilini basi mumsukume na kiti cha magurudumu."

Kundi likalipuka. Musili mwenyewe ndiye wa kwanza kuandika kwamba nimewaokoa na aibu, Mzee Nzuki akaandika katibu wetu ni jembe, kura za kumtaka Zadock zikageuzwa moja moja mpaka zikaisha, na nisikudanganye, ilikuwa tamu, nilihudumia wagonjwa mchana huo wote nikitabasamu peke yangu. Ijumaa nikapewa kiti cha mbele karibu na mwenyekiti, nikaombwa nisome daftari langu, nikalisoma lote, mabao yote ishirini na matatu, na hakuna aliyenikata kauli, na nilipomaliza wakanipigia makofi.

Lakini maneno hayakubaki kwenye kundi. Kabla ya saa kumi Alhamisi ile yalikuwa kwenye matawi yote, na kabla ya jua kuzama yalikuwa kwenye kurasa za mpira, jina langu wamelitoa, wameandika tu kwamba ni mtu wa ndani wa kliniki moja ya Kilimani. Matawi manne yakamkataa Zadock. Jumamosi ndiyo alikuwa avishwe jezi yetu, na badala yake ofisi ikatoa taarifa ya mistari miwili kwamba imesikia sauti ya wanachama na mazungumzo yamesimama, na ile timu yake ya Kakamega ilikuwa imeshamuaga na namba yake kupewa mwingine, kwa hivyo sasa hana kwao wala hana kwetu na dirisha linafungwa Ijumaa hii.

Leo Jumatatu ndiyo imenimaliza. Asubuhi Veronicah amekuja peke yake, hakupiga kelele, nilitamani angepiga kelele, amesimama pale pale aliposimama mume wake akaniambia, "Wewe ndiye ulitupokea vizuri siku ile. Nisaidie tu nijue ni nani," akaniandikia namba yake ya simu kwenye kikaratasi, nami nikakipokea na mkono wangu huu huu ulioandika. Baada ya nusu saa meneja ametuita sote, amesema lazima ni mtu aliyeona picha, na kila mtu akamgeukia Bramwel, kwa sababu yeye ndiye alimpiga Zadock picha na kila mtu anajua yeye ni Bohari, hata kikombe chake cha chai ni cha Bohari. Ameambiwa aende nyumbani hadi Alhamisi saa nne asubuhi, kikao cha kumfuta kazi au kumrudisha. Bramwel hakubishana. Alipopita mapokezi akaniambia, "Kanini, wewe unanijua. Waambie," na akatoka.

Sikuwaambia, Mwalimu. Nimempigia Mzee Nzuki, amesema ninyamaze, dirisha likifungwa watu watasahau, na Musili, aliyekuwa naye, akachukua simu akasema tawi haliwezi kutoa mtu wake. Nikisema ukweli kazi imekwenda, na ndani ya nyumba ni mimi peke yangu ninayeleta unga, na tawi ambalo limeanza tu kuniheshimu litaniona msaliti. Nisiposema Bramwel anafutwa. Na nikikaa nikifikiria naona mwenye makosa ya kweli ni Musili, bila ule mdomo wake mimi nisingeandika kitu, na hao wote waliocheka, kwa nini nibebe haya peke yangu? Nifanye nini? Tafadhali lifiche jina langu na usiitaje kliniki.

Katibu,
Uthiru


MWALIMU LORNAH ANAJIBU

Kanini, nimekuita hivyo kwa sababu lazima nikuite jina fulani, lakini si lako. Uliomba nikufiche, nami nimebadilisha majina yote, lako, la timu, la kila mtu, na ya mahali pia. Haikunigharimu chochote. Nilisoma ombi lako, nikaona ni la haki, nikalitimiza. Zadock alikuomba jambo hilo hilo akiwa ameinama juu ya meza yako, ukamwambia asiwe na wasiwasi. Anza kulifikiria hapo kabla hujaniuliza habari za Musili.

Nimekukasirikia, ndiyo. Ulinitahadharisha, na bado nimekasirika. Nimefundisha miaka thelathini na moja na nimesoma barua za watu miaka tisa, na sijaona mtu akijitetea vizuri namna hii huku ameshika ushahidi wa kujifunga mkononi. Rudi kwenye barua yako mwenyewe, kwenye ile fomu. Umeniandikia maneno yaliyokuwa chini yake ukayapita mbio: kabla ya kusajiliwa. Mwanangu, ulidhani ni nini hicho? Mimi nilipoajiriwa kufundisha Kangemi nilitumwa nikapigwe picha ya kifua, na kifua changu hakikuwa na kikohozi hata kimoja. Askari hupimwa kabla ya kuvaa sare. Na mchezaji anayetaka kusajiliwa hupimwa magoti, la kulia na la kushoto, kwa mashine ndogo na kubwa, hasa akiwa na miaka thelathini na moja, kwa sababu timu inataka kujua inamchukua mtu mwenye afya. Hiyo fomu haikusema anaumwa. Ilisema mmekaribia kumpata. Wewe, shabiki tangu darasa la pili, uliyehesabu mabao ishirini na matatu na kuyajua yalipitia kwa nani, ulikuwa umeshika habari njema ya timu yako mkononi ukaisoma kama cheti cha kifo.

Na reli? Mtu amesafiri kutoka Kakamega, amefika asubuhi, anapanda ngazi za kliniki akienda kupimwa kitu ambacho ndicho mkate wake. Mimi pia ningeshikilia reli. Hata Musili wako huishikilia.

Sasa nisikilize vizuri usije ukaniambia nimesema goti ni zima. Sijui. Mimi si daktari. Wewe pia hujui, kwa sababu picha hukuiona. Watu wawili tu katika hiyo kliniki ndio wanaojua, daktari na Bramwel, na ndio walionyamaza. Hata ofisi yenu ilisema imesikia sauti ya wanachama, haikusema imesikia daktari. Mmoja wa hao wawili ndiye amepelekwa nyumbani kwa kosa la mdomo, na mdomo wenyewe umebaki mapokezini ukipokea wageni.

Na hata kama goti lingekuwa limesagika kama unga, bado halikuwa lako la kusema. Ulipewa kwa sababu umekaa kwenye kiti hicho. Ungekuwa umemwona stendi ya basi anachechemea ungeandika chochote ulichotaka, hayo ni maneno ya mashabiki na mashabiki hawakosi maneno. Lakini hukumwona stendi.

Tuje kwa Musili, maana naona umemngoja. Alikukosea. Tena alikukosea vibaya, mbele ya watu, ukiwa umesimama na kazi uliyoifanya kwa akili yako, na huyo mzee wa kanisa lenu alikukosea zaidi kwa sababu yeye alikuwa na mamlaka ya kugonga meza na akachagua kucheka. Nimesoma ile sehemu ya wewe kuandika kicheko chao kwenye kumbukumbu za kikao na hata mimi moto umeniwaka. Hasira yako ilikuwa ya haki, na hakuna mtu atakayekuambia vingine kwenye ukurasa wangu. Lakini wewe hukumpiga Musili. Musili leo amefungua duka, ameuza misumari, amekula chapati. Ulingoja mpaka akapita mtu mpole, aliyekusalimia kwa adabu na kukuita dada, ukampiga huyo. Musili ulipaswa kumjibu palepale, hotelini, kwa sauti, na kuandika kwenye kumbukumbu kwamba katibu amepinga na ameendelea kusoma. Wangecheka tena, sawa. Ungesoma tena.

Na hayo makofi ya Ijumaa, tafadhali usiyaweke kwenye hesabu ya heshima. Daftari lilikuwa lile lile walilolikataa wiki moja kabla. Hawakulipigia makofi. Walikupigia wewe kwa sababu uliwaletea siri ya mtu, na watakaa kimya kukusikiliza muda wote utakaokuwa na siri nyingine ya kuwaletea. Siku utakapokosa, utarudishwa kwenye kalamu.

Unauliza ufanye nini. Jibu unalijua. Unataka tu nikwambie kuna njia nyingine, na haipo.

Nenda kwa meneja wako useme ni wewe. Neno la kwanza litakalotoka mdomoni mwako liwe jina la Bramwel, kwamba hakusema kitu, kabla hujafika kwako, kabla ya machozi. Usilete habari za tawi, usilete vikaragosi vya kucheka, usimtaje Musili hata mara moja. Mwonyeshe ujumbe wenyewe kwenye simu, na kama umeufuta, mwambie umeufuta. Siri ya mgonjwa ni jambo la sheria, kwa hivyo kabla ya kutia sahihi karatasi yoyote tafuta mtu anayejua sheria, lakini kusema ukweli kwa mdomo hakungoji wakili. Kazi utaipoteza, sitakudanganya, mimi ningekuwa meneja ningekufuta. Najua kuna mama na watoto wawili. Bramwel naye ana watu mezani kwake, na wao hawakuandika kitu kwenye WhatsApp.

Ukitoka hapo mpigie Bramwel, usimtumie ujumbe. Mwambie alikuomba neno moja ukamnyima. Asipotaka kukusikiza, kubali, na usimwombe akusamehe ili wewe upate usingizi.

Namba ya Veronicah unayo. Alikuuliza ni nani. Mjibu. Akikutukana, sikiza mpaka amalize, na akitaka kujua ni kwa nini, mwambie ulikuwa umekasirishwa na mtu mwingine. Ni aibu kuisema, nami nataka uisikie ukiisema.

Halafu chukua ile kalamu ya katibu. Leo, si Ijumaa lanchi wakati dirisha linafungwa, andika barua kwa ofisi na nakala kwa matawi yote matano, kwa jina lako kamili, kwamba habari za goti la Zadock zilitoka kwako, kwamba hukuona picha yoyote, kwamba fomu uliyoiona ilikuwa ya vipimo vya kawaida vya usajili, na kwamba kura zilizopigwa zilipigwa kwa maneno ambayo hukuwa na haki wala ujuzi wa kuyasema. Omba kura irudiwe. Huenda bado wakamkataa, pengine daftari lako lina ukweli na mnahitaji beki wa kulia kuliko kiungo. Vizuri. Wamkatae kwa mpira. Na Musili akikupigia kusema tawi halitoi mtu wake, mwambie tawi limekwisha kumtoa Bramwel, shabiki mwenzenu, aliyewashinda wote kwa kunyamaza.

Barua yako ilinifikia jana Jumanne asubuhi. Nilikuwa na barua nyingine tayari kwa ukurasa huu, nikamwomba mhariri aiweke kando, kwa sababu gazeti hili linatoka Jumatano na kikao cha Bramwel ni Alhamisi. Nilipiga mara nne ile namba uliyoiacha nyuma ya bahasha na hukushika, kwa hivyo nakuambia hapa, mbele ya watu.

Nenda leo. Leo ikikushinda, kesho unafungua mapokezi saa mbili asubuhi na Bramwel anaingia kwenye kikao saa nne. Saa mbili zote hizo meneja atakuwa ofisini kwake, na mlango wake unaujua.